Miezi Kumi na Minne na Duka la Maji la Mtaani Kwetu Tabata

Kila siku ya kazi watoto 22 hushinda katika kituo changu cha kulelea watoto, Tabata jijini Dar es Salaam, mkubwa wao akiwa na miaka mitano na mdogo ndiyo kwanza anajifunza kushika kikombe mwenyewe, na wote hunywa maji niliyowachagulia mimi. Mzazi anapomkabidhi mtoto asubuhi hukagua godoro, huuliza uji umepikwa kwa unga gani, lakini ni nadra kumsikia akiuliza maji yametoka wapi, kwa kuwa anaamini nimeshauliza kwa niaba yake. Kwa sababu hiyo nimeona ni haki niandike kwa kirefu kuhusu duka ambalo limetuuzia maji ya kunywa kwa miezi kumi na minne, nikieleza yaliyoniridhisha na yaliyonitia hofu. Jina lake sitalitaja, kwani maduka mengine ya aina hiyo niliyoyapitia kati ya Segerea na Buguruni yanafanana nalo katika mengi, na mwenye hili alinisikiliza kuliko wenzake.

Ni duka la fremu moja, lenye vigae vyeupe ukutani na bomba mbili za kujazia. Nyuma yake kuna kisima kirefu ambacho maji yake ni ya chumvi, kama yalivyo ya visima vingi vya huku kwetu. Maji hayo hupandishwa kwa pampu hadi kwenye simtanki iliyo juu ya mnara, huteremka kupitia chujio la mchanga na chujio la makaa, kisha husukumwa kwa nguvu kupenya kwenye utando wenye vitundu vidogo mno kiasi kwamba sehemu kubwa ya chumvi hubaki nyuma. Baada ya hapo hupita chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno inayoua vimelea, huingia kwenye simtanki ya pili, na kutoka humo hushuka hadi kwenye bomba la kujazia. Ukipeleka chupa yako ya lita 18.9, ile ya kupachika kwenye dispensa (chombo chenye kibomba cha kukingia maji ya kunywa), unajaziwa kwa shilingi 2,000, na dumu la lita 20 hujazwa kwa bei hiyo hiyo. Mwenye guta hukufikishia mlangoni kwa nyongeza ya shilingi 500.

Tulianza kununua hapo kwa sababu ambayo kila mkazi wa jiji hili ataielewa. Maji ya bomba ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu, katika mitambo miwili ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ambayo kwa pamoja ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 466 kwa siku. Mto ukipungua, jiji zima huona kiu kwa wakati mmoja. Oktoba 2022 ulipungua hivyo, mgawo ukatangazwa, na katika wiki zile nilijifunza kwamba kituo cha watoto hakiwezi kuendeshwa kwa matumaini ya bomba pekee. Nilinunua maji ya boza ambalo sikujua lilikochota, nikachemsha yote kwa gesi, na mtungi uliozoea kumaliza mwezi mzima ukaisha kwa siku kumi na moja. Mgawo ulipokwisha woga ulibaki, na duka hili lilipofunguliwa nikaona limekuja kwa wakati wake.

Niseme kwanza yaliyo mazuri, maana si machache. Ladha ya maji ni njema. Chumvi haimo kabisa ulimini, na chai imerudi kuwa chai. Foleni haizidi dakika kumi hata siku za Jumamosi. Kijana anayehudumu ni mwadilifu, hupokea wazee na watoto kwa heshima ile ile, na mara mbili alinirudishia chenji niliyoisahau. Katika wiki za presha ndogo, ambapo bomba la nyumbani hutoa matone usiku wa manane tu, duka halikuwahi kukosa maji isipokuwa siku umeme ulipokatika mchana kutwa. Kwa upande wa upatikanaji, huduma hii ilinifaa kuliko zote nilizowahi kutumia jijini, na katika mji ambao mama anaweza kuamka saa tisa usiku kukinga ndoo, jambo hilo si dogo.

Usalama, hata hivyo, si sawa na upatikanaji, na hapo ndipo hesabu yangu ilipoanza kubadilika.

Siku ya kwanza kijana yule alinionyesha kifaa kidogo cha kupima chumvi zilizoyeyuka. Alikitumbukiza kwenye maji ya kisimani kikasoma miligramu 1,900 kwa lita, akakitumbukiza kwenye maji yaliyochujwa kikasoma 45, kisha akaniambia, “Unaona mwenyewe mwalimu, haya ni salama.” Nilivutiwa kama wateja wote wanavyovutiwa, kwa sababu tarakimu ina nguvu ya kumaliza mjadala. Lakini kifaa kile hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na kutokana na hapo hukadiria kiasi cha chumvi. Bakteria wa kipindupindu au wa homa ya matumbo hawaonekani humo hata wawe maelfu. Glasi ya maji inayosoma 45 inaweza kuwa na kinyesi ndani yake, na ile inayosoma 400 ikawa salama kabisa. Ninalaumu kwa uzito zoea hili la kumwonyesha mteja kipimo cha ladha na kumwambia ni kipimo cha afya, hata pale anayefanya hivyo, kama kijana huyu, anaamini kwa moyo mweupe anachosema.

Kuna zoea baya kuliko hilo, nalo nililiona kituoni kwangu, si dukani. Muuzaji wa machujio alikuja na bilauri mbili, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji yaliyochujwa, akazitia kifaa chenye vijiti vya chuma kilichounganishwa na umeme. Baada ya dakika moja maji ya bomba yaligeuka rangi ya tope zito, na wazazi wawili waliokuwapo wakashika vinywa. Rangi ile ilitoka kwenye vijiti vyenyewe: maji yenye madini hupitisha umeme, chuma cha kijiti humomonyoka na kutengeneza kutu, ilhali maji yaliyoondolewa madini hayapitishi umeme wa kutosha kuleta mabadiliko hayo. Madini yale yale ambayo mwili unayahitaji yalionyeshwa kama sumu. Nimelileta jambo hili kwenye tathmini kwa sababu baadhi ya wateja wa duka letu waliacha kabisa kutumia bomba baada ya maonyesho ya namna hiyo, na wapo wanaotumia kwa maji fedha ambayo ingenunua maziwa.

Baada ya miezi mitatu niliamua kupima mwenyewe. Nilikwenda maabara, nikapewa chupa ndogo zilizotakaswa kwa ajili ya sampuli na maelekezo ambayo sikuwahi kuyafikiria: mdomo wa bomba ufutwe na kutakaswa kabla ya kukinga, kizibo kisiwekwe chini, sampuli zikae kwenye kisanduku chenye barafu na zifike maabara ndani ya saa sita. Nilichukua sampuli tatu. Ya kwanza ilitoka moja kwa moja kwenye bomba la kujazia, ya pili ilitoka kwenye chupa iliyojazwa asubuhi hiyo, na ya tatu ilitoka kwenye dispensa ya kituoni, katika chupa iliyokwisha kaa siku nne. Kiwango kinachotakiwa kwa maji ya kunywa ni kwamba katika mililita 100 asionekane hata bakteria mmoja wa aina inayoishi kwenye utumbo wa binadamu na wanyama. Majibu huchukua zaidi ya siku moja, kwa kuwa vimelea lazima vipewe muda wa kuota kwenye joto.

Bomba la duka lilikuwa safi. Chupa ya asubuhi hiyo ilikuwa na bakteria wachache. Dispensa yangu ilikuwa na wengi kiasi kwamba karatasi ya majibu ilisema tu kwamba hawahesabiki.

Siku hiyo sikuweza kula. Nilikuwa nimelipa shilingi 2,000 kwa kila chupa, chupa tatu kwa wiki, ili watoto wa watu wanywe maji ambayo yangekuwa na heri kama yangetoka moja kwa moja kwenye bomba la nyumbani. Lakini karatasi ile ilinifundisha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha tathmini hii: mashine ya duka ilifanya kazi yake, na maji yaliharibika baada ya kutoka mashinani, katika chupa, katika brashi iliyosafishia chupa, katika kibomba cha dispensa ambacho watoto hukishika kwa vidole vyenye uji. Maji yaliyopita kwenye utando na chini ya taa hutoka yakiwa safi, ila hayana ulinzi wowote wa kuendelea nao. Taa huua kilicho mbele yake kwa sekunde ile. Kimelea kitakachoingia dakika moja baadaye hakina wa kukizuia. Maji ya bomba ni tofauti. Pale Ruvu hutiwa dawa ya kugandisha tope ili lituame, huchujwa kwenye mchanga, kisha hutiwa klorini, na kiasi fulani cha klorini hiyo hutakiwa kibaki ndani ya maji hadi yamfikie mtumiaji, angalau miligramu 0.2 kwa lita. Harufu ile ya dawa ambayo wazazi wengi huilalamikia ni dalili kwamba mlinzi bado yuko lindoni.

Simaanishi kwamba bomba halina kasoro. Mgawo wenyewe huchafua maji. Bomba linapokuwa tupu halina presha ya kusukuma nje, na pale lilipopasuka, hasa kama limelala kwenye mtaro au karibu na choo cha shimo, maji machafu hunyonywa kuingia ndani. Huduma ikirudi, kinachotangulia kutoka ndicho kibaya zaidi. Ndiyo sababu ya desturi njema ya mama zetu kuacha maji yatiririke kwanza na kuyatumia kuoshea sakafu. Agosti 2015 kipindupindu kilipoanza hapa Dar es Salaam na baadaye kuenea mikoani, somo lilikuwa lile lile: maji yasiyo na uhakika, vyombo vichafu na vyoo vilivyofurika hushirikiana, na anayeziba tundu moja akaacha mawili hajafanya kitu.

Nilirudi dukani na majibu yangu. Sikwenda kwa ugomvi. Nilimkuta kijana, akanisalimia kama kawaida, “Shikamoo mwalimu,” nikaitikia, kisha nikamuuliza utando wa mashine ulibadilishwa lini. Alinijibu kwa unyoofu kwamba ameajiriwa mwezi wa tatu na hajawahi kuona ukibadilishwa. Nilimuuliza kuhusu taa, akasema inawaka. Kuwaka hakutoshi, kwa sababu taa za aina hiyo hupoteza nguvu ya kuua vimelea baada ya takribani mwaka mmoja wa kuwashwa mfululizo, ingawa mwanga wake kwa macho yetu haubadiliki. Nikaangalia pia mpangilio wenyewe, nikaona kwamba taa ipo kabla ya simtanki ya pili na si baada yake, hivyo maji yanayokaa humo usiku kucha, au mchana kutwa umeme ukikatika, huteremka hadi kwenye chupa ya mteja bila kupita mbele ya taa tena. Na chupa zenyewe zilisuguliwa kwa brashi moja ya mpini mrefu, chupa baada ya chupa, kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa maji matupu.

Mwenye duka alikuja siku iliyofuata. Ni mama wa makamo aliyewekeza mafao yake yote katika biashara hii, na nilipomwonyesha karatasi alinyamaza kwa muda, kisha akasema, “Mwenzangu, hakuna mteja aliyewahi kuniletea kitu kama hiki.” Nilimheshimu kwa jibu hilo. Ndani ya wiki mbili alihamishia taa kwenye njia ya mwisho ya kujazia, akanunua ndoo kubwa ya maji yenye klorini ambamo chupa husuuzwa kabla ya kujazwa, akaitupa ile brashi, na akafungua daftari linaloandikwa tarehe ya kila kichujio kilichobadilishwa. Daftari hilo liko mezani, mteja yeyote anaweza kulifunua. Kwangu lina thamani kuliko kile kifaa cha kupimia chumvi, ijapokuwa kifaa nacho sasa kina kazi yake halali: mwezi wa saba kilianza kusoma 160 badala ya 45, ikawa ishara kwamba utando umechoka, ukabadilishwa.

Hata baada ya marekebisho hayo kuna mambo mawili ambayo siwezi kuyapitisha. La kwanza ni kwamba duka halipimi vimelea kwa ratiba. Maji ya chupa zinazofungwa kiwandani hutakiwa kubeba alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na mnunuzi ana mahali pa kuanzia akitaka kulalamika. Chupa yangu iliyojazwa mtaani haina lakiri, haina tarehe, haina namba ya toleo. Mwenye duka anasema gharama ya maabara ni kubwa kwa biashara ya fremu moja, na ninamwamini. Nilipendekeza wenye maduka wanne wa mtaa wachangie sampuli moja kila mmoja kwa mwezi na kubandika majibu ukutani, lakini mpaka ninapoandika haya halijafanyika.

La pili ni maji yanayotupwa. Mashine ndogo za utando hutoa maji safi kwa kumwaga sehemu kubwa ya yale yaliyoingia, yakiwa yamebeba chumvi yote iliyozuiwa. Hapa dukani, kwa kukadiria kwa ndoo, kwa kila ndoo moja iliyojazwa nyingine mbili ziliishia mtaroni. Maji hayo hayafai kunywewa wala kumwagilia mboga, lakini yanafaa vizuri kwa choo cha kumwagia maji na kwa kuoshea sakafu. Kuona yakitiririka kwenye mtaro katika wiki ya mgawo, huku majirani wamepanga madumu matupu kwenye kibaraza, kunaumiza. Niliomba tuweke dumu la kuyakinga kwa matumizi ya vyoo vya kituo, na mama yule alikubali bila kunitoza kitu. Majirani watatu nao sasa wanafanya hivyo.

Kuhusu bei, nimefanya hesabu kwa uangalifu. Chupa tatu kwa wiki pamoja na guta zinanigharimu shilingi 7,500, kwa lita zisizofika 57. Uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000, na ankara yangu hunitoza kwa uniti hiyo pesa ndogo kuliko ninayolipa hapa kwa chupa mbili. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa familia ya kipato cha chini kuibeba kila wiki, na ndiyo inayonifanya nisikubali kwamba maduka haya yachukuliwe kuwa suluhisho la jiji. Yanamfaa mwenye uwezo wa kulipa, pale mfumo mkuu unaposhindwa kumfikia. Mitambo ikipata maji ya kutosha mwaka mzima, na hapo natazama kwa hamu Bwawa la Kidunda linalojengwa ili kuhifadhi maji ya Ruvu kwa ajili ya miezi ya ukame, na presha ikikaa ndani ya mabomba saa zote, kila mtoto wa jiji atapata kile ambacho sasa ninawanunulia hawa 22.

Kwa sasa kituo kinafanya hivi. Bomba linapotoka vizuri tunakinga baada ya kuyaacha yatiririke, katika ndoo yenye mfuniko na koki, na yakiwa maangavu tunatia kidonge cha klorini kilichopimwa kwa lita 20 na kusubiri dakika 30 kabla ya mtoto yeyote kupewa kikombe. Yakiwa na tope tunayachuja kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, tunayaacha yatulie, ndipo tunatia kidonge, kwa kuwa klorini hupoteza nguvu zake kwenye tope. Wiki za mgawo tunarudi dukani, na maji ya dukani nayo hupata klorini, ingawa kidogo. Dispensa nimeiondoa. Ilikuwa nzuri kuitazama, lakini ndani yake kuna mirija ambayo mkono haufiki, na chombo nisichoweza kukisugua kwa mkono wangu sitawapa watoto wanywee. Mtoto mmoja wa miaka minne alilalamika wiki ya kwanza kwamba maji yananuka. Wiki ya tatu hakusema tena.

Sampuli nne nilizopeleka maabara tangu tubadilishe utaratibu, mbili za bomba na mbili za duka, zote zilirudi safi. Kwa hiyo duka hili nalipendekeza kwa wakazi wa Tabata, kwa masharti: peleka chupa uliyoiosha mwenyewe, funua daftari na usome tarehe ya mwisho, hakikisha chupa imesuuzwa kwenye ndoo ya klorini mbele ya macho yako, na usikae na maji hayo zaidi ya siku mbili. Duka hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa mbili usiku, isipokuwa Jumapili ambapo hufungua baada ya saa saba mchana. Umeme ukiwa umekatika usikinge, hata kama bomba linatoa, mpaka taa iwake tena.